Rabwah 1989: Siku serikali ilipokataza mji mzima kuwasha taa na kugawa peremende

Mkazi wa Gerezani (mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Naleta mada ambayo najua itawasha moto, kwa hiyo naomba isomwe hadi mwisho kabla ya kujibu. Inahusu Waahmadiyya, wale wanaomwamini Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, kuwa nabii aliyekuja baada ya Mtume Muhammad, na ambao mitaani kwetu wengi huwaita Makadiani. Niseme mapema nilipo: mimi ni Sunni, nimelelewa madrasani, na imani yangu kwamba Muhammad (s.a.w.) ndiye Mtume wa mwisho haina nyongeza. Sijaja kumtetea mtu itikadi yake. Nimekuja kuzungumzia mamlaka za serikali na sherehe ya watu.

Rabwah ni mji mdogo kando ya mto Chenab, jimbo la Punjab, Pakistan. Waahmadiyya waliuanzisha wenyewe mwaka 1948, baada ya India kugawanywa na makao yao ya Qadian kubaki upande wa pili wa mpaka. Walinunua ardhi kame yenye chumvi, wakahangaika na maji mpaka yakapatikana, wakajenga shule na hospitali. Mpaka leo zaidi ya asilimia 90 ya wakazi ni wao.

Sasa, mwanzilishi wao Mirza Ghulam Ahmad alipokea kiapo cha utii cha wafuasi wake wa kwanza huko Ludhiana tarehe 23 Machi 1889. Kwa hiyo 23 Machi 1989 jumuiya ilikuwa inatimiza miaka 100. Mji ukajiandaa kama mji wowote ungejiandaa: taa kwenye nyumba, malango ya mapambo barabarani, mikutano ya kumshukuru Mungu, chakula kwa maskini, peremende kwa watoto.

Tarehe 20 Machi, Katibu wa Mambo ya Ndani wa serikali ya Punjab akapiga marufuku sherehe hizo jimbo zima. Kesho yake, mkuu wa utawala wa wilaya ya Jhang, ambayo Rabwah ilikuwa chini yake wakati huo, akatoa amri yake mwenyewe kwa kifungu cha 144 cha sheria ya mwenendo wa jinai. Aliwakataza Waahmadiyya wa Rabwah kupamba majengo kwa taa. Kusimamisha malango ya mapambo. Kufanya maandamano na mikutano. Kutumia vipaza sauti. Kupiga kaulimbiu. Kuvaa beji, kutundika vitambaa na mabango. Kugawa vipeperushi, kubandika matangazo, kuandika ukutani. Kugawa peremende na kuwapa watu chakula. Na mwisho wa orodha akaweka wavu wa kuzolea kila kilichobaki: jambo lingine lolote, la moja kwa moja au la kuzunguka, linaloweza kuumiza hisia za kidini za Waislamu.

Nawaomba mrudie hapo kwenye peremende na chakula. Ofisa wa serikali, mwenye muhuri na askari, amekaa mezani akaandika kwamba mtu kumpa mwenzake sahani ya chakula, ndani ya mji wake mwenyewe, siku ya furaha yake, ni hatari kwa amani ya wilaya.

Tarehe 25, siku yenyewe ikiwa imeshapita, hakimu mkazi wa Rabwah akawataka viongozi wa jumuiya waondoe malango, mabango na taa zilizobaki, na akawaarifu kwamba katazo linaendelea hadi itakapotolewa amri nyingine.

Walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Lahore ikawakatalia Septemba 1991. Mahakama ya Juu ya Pakistan ikaunganisha rufani yao na nyingine, na tarehe 3 Julai 1993 ikawakatalia tena, majaji wanne dhidi ya mmoja, katika hukumu inayojulikana kama Zaheeruddin dhidi ya Dola. Majaji wale walio wengi walifika mahali pa kulinganisha maneno ya ibada na chapa za biashara, wakataja mpaka Coca Cola: kwamba kampuni hiyo haimruhusu mtu mwingine kuuza kinywaji chake mwenyewe ndani ya chupa zenye jina la Coca Cola. Mimi kama Mwislamu sehemu hiyo iliniuma kuliko zote. Shahada ninayoisema kila siku haina hatimiliki iliyosajiliwa popote. Ni ya Mwenyezi Mungu.

Hoja yangu ni moja. Mkuu wa wilaya ana haki ya kuuliza magari yatapita wapi, vyoo viko vingapi, maji yanatoka wapi, muziki unazimwa saa ngapi. Nani ni Mwislamu wa kweli si swali la meza yake. Na akiletewa taarifa kwamba kuna watu watakasirika na kuleta vurugu, kazi yake ni kuwazuia hao wa vurugu.

Karibuni.

Abuu Swafiya

Mtoa mada, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Ila umeruka jambo kubwa. Bunge la Pakistan lilirekebisha katiba tarehe 7 Septemba 1974 na kutamka kwamba watu hawa si Waislamu. Halikuwa la jeshi, lilikuwa Bunge lililochaguliwa, wakati wa Waziri Mkuu Bhutto. Halafu mwaka 1984 ikaja sheria inayowakataza kujionyesha kama Waislamu. Sasa ofisa wa wilaya ana sheria mbele yake, ana masheikh wa mji wamemletea malalamiko, ana umati ambao unaweza kuingia barabarani wakati wowote. Wewe ungekuwa kwenye kiti chake ungefanya nini? Ungeacha watu wafe ili wengine wale peremende?

Na tusisahau, kwa Waislamu wa kule suala la utume si la mzaha. Linagusa roho ya imani.

Mkazi wa Gerezani (mtoa mada)

Sheikh wangu Abuu Swafiya, ahsante kwa kuja na hoja. Naichukua kama ilivyo.

Tuseme marekebisho ya 1974 ni sahihi kabisa na tusibishane nayo. Yamesema Waahmadiyya ni wachache wasio Waislamu mbele ya sheria. Sawa. Katiba hiyohiyo, ibara ya 20, inampa kila raia haki ya kukiri dini yake, kuitekeleza na kuieneza, kwa kufuata sheria, utulivu na maadili. Wakristo wa Lahore wanasherehekea Krismasi. Wahindu wa Sindh wana Holi yao na Diwali yao. Basi ukimtoa mtu kwenye Uislamu kisheria, ukamwita mchache, mpe basi hata haki ya huyo mchache. Waahmadiyya walitolewa upande mmoja na hawakupokelewa upande wa pili.

Na ile sheria ya 1984 uliyoitaja, hiyo ilikuwa amri ya mtawala wa kijeshi, Jenerali Zia-ul-Haq, ya tarehe 26 Aprili, na haikupita bungeni. Inasema Mwahmadiyya akiita jengo lake msikiti, akiadhini, au kwa namna yoyote akijionyesha kuwa Mwislamu, anaweza kufungwa hadi miaka mitatu na faini juu. Siku chache baadaye khalifa wao wa nne, yaani kiongozi wao mkuu, Mirza Tahir Ahmad, akaondoka kwenda London.

Umeniuliza ningefanya nini kwenye kiti kile. Ningewaita hao wanaotishia kuingia barabarani, niwaambie kwa maandishi kwamba atakayerusha jiwe atalala ndani. Ningepeleka askari kwenye njia za kuingilia mjini. Halafu ningeacha watu wale peremende zao.

Wakili wa Mtaani

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu jambo hili lina historia ambayo inatuhusu hata sisi tuliorithi mahakama za Mwingereza.

Kifungu cha 144 kimetoka kwenye sheria ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1898, ya utawala wa Waingereza nchini India. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura: mafuriko ya watu, ghasia zinazokaribia, jambo ambalo ofisa hawezi kusubiri mahakama. Ni silaha ya muda mfupi. Sasa ikitumika dhidi ya familia inayopamba kibaraza chake, kisha ikaachwa "hadi amri nyingine", hiyo si dharura tena.

Lakini kuna kesi moja ya Uingereza yenyewe ambayo kila anayesoma haki ya kukusanyika anakutana nayo. Mwaka 1882, mji wa Weston-super-Mare. Jeshi la Wokovu, ambalo wengi wetu tunalifahamu hapa Afrika Mashariki kwa ngoma zao na tarumbeta, lilikuwa kikundi kipya kinachochukiwa. Walikuwa wakiandamana barabarani wakiimba nyimbo, na genge lililojiita Jeshi la Mifupa likawa linawavamia kila wakitoka. Mahakimu wa mji wakafanya nini? Wakaamuru kwamba hayo maandamano yasifanyike, na viongozi wa Jeshi la Wokovu wakakamatwa na kutakiwa kuahidi kutulia. Kesi ikaenda juu, Beatty dhidi ya Gillbanks, na mahakama ikatengua uamuzi wa wale mahakimu. Ilisema mtu anayefanya jambo halali hawezi kutiwa hatiani kwa sababu tu anajua kwamba mwingine, kwa kumchukia, atafanya jambo haramu.

Kwa hiyo miaka 107 kabla ya Rabwah jibu lilikuwa limeshaandikwa, tena kwenye mila ya sheria ileile iliyozaa kifungu cha 144. Katika ile hukumu ya 1993 Jaji Shafiur Rahman, aliyebaki peke yake upande wa pili, aliona sehemu za ile sheria ya 1984 haziwezi kukaa nyumba moja na haki zilizoko kwenye katiba.

Abuu Swafiya

Wakili, hiyo ya Jeshi la Wokovu sikuwa nikiijua, nakushukuru. Ila hao walikuwa Wakristo mbele ya Wakristo, hawakuwa wanadai nabii mpya. Uzito si mmoja.

Wakili wa Mtaani

Sheikh, mahakama haikupima uzito wa itikadi. Hilo ndilo jambo zima. Ingeanza kupima, isingemaliza.

Dada Zulekha wa Temeke

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwahmadiyya, mzaliwa wa hapahapa. Kaka mtoa mada, Mungu akulipe kwa kuandika bila matusi. Nimezoea nyuzi kama hizi kuanza na kuishia kwa kutukanwa.

Wengi hawajui Rabwah imefika kwetu kwa njia gani. Ukienda Arusha kuna uwanja wa mpira, kila mtu anautaja kila wiki: Sheikh Amri Abeid. Huyo mzee alizaliwa Ujiji, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa Waziri wa Sheria kwenye serikali ya Mwalimu, akafariki 1964. Alikuwa mshairi mkubwa wa Kiswahili. Na alikuwa Mwahmadiyya, na masomo yake ya dini aliyafuata Rabwah katika miaka ya 1950.

Sherehe yetu kubwa ni Jalsa Salana, mkutano wa mwaka. Ya kwanza ilifanyika Qadian Desemba 1891 na walihudhuria watu 75. Rabwah ilikuwa ikifanyika kila Desemba, na mwisho wake, 1983, waliofika wanakadiriwa kuzidi laki mbili. Wanaolala ni wengi kuliko vitanda, kwa hiyo sakafu hutandikwa majani makavu ya mpunga, watu wanalala bega kwa bega, tajiri na mkulima. Jiko la wageni linaitwa langar, lilianzishwa na mwanzilishi mwenyewe, na halimwulizi mtu anatoka wapi. Dengu, nyama ya viazi, mikate. Basi.

Tangu Desemba 1983 Rabwah haijapata Jalsa tena. Mtu aliyezaliwa kule mwaka uliofuata sasa amevuka miaka arobaini na hajaiona katika mji wake mwenyewe.

Hapa Dar tunaifanya Kitonga. Watu wanakuja na mabasi kutoka Mtwara, Kigoma, Tanga. Viongozi wa serikali tunawaalika na wanakuja, wanahutubia, wanakula nasi pilau. Polisi wapo, wanaongoza magari. Nayaandika haya mjue kwamba sherehe ni ileile, ratiba ileile, Kurani inasomwa mwanzoni, kaswida, mawaidha, kula, kurudi nyumbani. Kama ingekuwa na sumu ndani yake ingeonekana na hapa.

Mzee wa Pangani

Wanangu, mimi nimeyaona haya mambo tangu zamani. Sheikh Mubarak Ahmad wa Ahmadiyya aliingia Mombasa 1934. Mwaka 1953 wakatoa Kurani kwa Kiswahili. Masheikh wetu wa pwani walikasirika sana, kwa sababu waliona maelezo ya mle ndani yamebeba itikadi ya Kikadiani. Wakafanyaje? Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy akakaa chini na wino wake, akawajibu aya kwa aya, na tafsiri yake kamili ikatoka 1969. Mpaka leo iko kwenye kila nyumba ya Sunni pwani hii. Hakuna aliyekwenda kwa DC kuomba wenzake wazuiwe kula. Mwenye elimu hujibu kwa elimu.

Abuu Swafiya mwanangu, wewe najua unasoma vitabu. Hujambo?

Abuu Swafiya

Sijambo mzee wangu, shikamoo. Hilo la Sheikh Abdulla Saleh siwezi kulipinga. Mimi pia naona kalamu ndiyo njia. Ila bado nasema Pakistan ina mazingira yake.

Mpiga Box Jakarta

Msidhani ni Pakistan peke yake. Kuna kijiji kinaitwa Manislor, wilaya ya Kuningan, Java Magharibi. Wakazi wake wengi ni Waahmadiyya wa miaka mingi. Desemba 2024 walikuwa wameshajiandaa kwa Jalsa ya siku tatu. Siku chache kabla, kaimu mkuu wa wilaya na kamati ya viongozi wa wilaya wakaizuia. Sababu? Utulivu wa wilaya. Vikundi vya nje vilikuwa vimelalamika.

Sheria za Indonesia zina mkono hapo pia. Juni 2008 mawaziri wawili na Mwanasheria Mkuu walitoa amri ya pamoja ya kuwataka Waahmadiyya waache kueneza mafundisho yao, na mwaka 2011 gavana wa Java Magharibi akaongeza kanuni yake. Ukitazama utaona mtiririko: sentensi ya juu imeandikwa kwa upole, ikifika wilayani inakuwa geti limefungwa na mapipa ya wali yanarudishwa nyumbani.

Neema K.

Nina swali kwa mtoa mada. Kama mji ni wao kwa asilimia 90, kwa nini wasichague madiwani wao wakamaliza shida? Au nimeelewa vibaya?

Mkazi wa Gerezani (mtoa mada)

Neema, umeuliza swali lililotakiwa kuulizwa mapema, na jibu lake ndilo linaloonyesha jinsi kamba ilivyofungwa.

Pakistan inaandikisha wapiga kura kwenye daftari la pamoja, Waislamu, Wakristo, Wahindu, wote. Waahmadiyya wamewekewa orodha yao pembeni tangu amri ya 2002 wakati wa Rais Musharraf. Kuingia kwenye daftari kama Mwislamu unatakiwa kusaini tamko ambalo kwa Mwahmadiyya ni kuikana imani yake, na kuingia kwenye orodha ya pembeni ni kukubali kwa mkono wake kwamba si Mwislamu. Jumuiya imekataa vyote viwili. Kwa hiyo halmashauri ya Rabwah inaendeshwa na watu ambao hawakuchaguliwa na wakazi wake. Barabara, maji, mitaro, vibali vya mikutano, vyote viko mikononi mwa wachache wa mji na wakubwa wa wilaya. Serikali ya mtaa isiyo na mwenye mtaa ndani yake.

Hata jina waliporwa. Novemba 1998 Bunge la Punjab lilipitisha azimio la kuubadilisha jina mji, na mwanzoni mwa 1999 ukawa rasmi Chenab Nagar. Wakazi hawakuulizwa.

Na hapohapo mjini, kila mwaka, wapinzani wao wanafanya mikutano yao mikubwa kwa kibali cha serikali. Wanaletwa na mabasi kutoka nje, vipaza sauti vinafunguliwa, na mada kuu ya siku ni ubaya wa wenyeji wa mji. Abuu Swafiya, nakuomba uliangalie hili kwa makini, kwa sababu ulisema tatizo ni amani. Kama tatizo ni amani, mkutano upi kati ya hiyo miwili una hatari zaidi? Huu wa watu wanaolala kwenye majani ya mpunga, au ule wa wageni wanaokuja kuwatukana wenye mji mlangoni mwao? Kibali kilipewa nani?

Desemba 1989, miezi tisa tu baada ya ile amri ya peremende, polisi walifungua jalada la jinai dhidi ya Waahmadiyya wote wa Rabwah. Mji mzima, watuhumiwa. Wakarudia Juni 2008, baada ya wakazi kuadhimisha miaka 100 ya ukhalifa wao tarehe 27 Mei. Bibi wa miaka 80 na mtoto wa chekechea kwenye jalada moja, kosa lao kufurahi.

Neema K.

Mtoto wa chekechea kwenye jalada la polisi. Nimeishiwa maneno. Na hivi karibuni hali ikoje?

Mkazi wa Gerezani (mtoa mada)

Sasa hivi maofisa wamehamia kwenye Iddi. Iddi ya kuchinja, ndugu zangu, ambayo sote tunaijua. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Iddi, mkuu wa utawala wa wilaya ya Chakwal, hukohuko Punjab, aliamuru Waahmadiyya watatu wawekwe ndani siku 30 kwa sheria ya utulivu wa umma. Hawakuwa wamefanya kosa. Walifungwa ili wasije wakachinja. Mwaka 2025 polisi wa Punjab wakawa wanawataka watu kusaini viapo kwamba hawatachinja, hata majumbani mwao.

Na kabla ya hapo, Januari 2022, Mahakama ya Juu ileile, kwa kalamu ya Jaji Mansoor Ali Shah, ilishasema kwamba kumnyima mtu asiye Mwislamu kuishika imani yake ndani ya kuta za mahali pake pa ibada ni kinyume cha katiba. Ofisa wa Chakwal alikuwa na hukumu hiyo miaka miwili mezani.

Abuu Swafiya

Mtoa mada, itikadi yangu juu ya Makadiani iko palepale na sitaificha. Lakini kumfunga mtu kabla ya Iddi ili mbuzi wake asichinjwe, hilo sina dalili yake kwenye kitabu chochote nilichosoma. Na swali lako la kibali sina jibu lake.

Dada Zulekha wa Temeke

Sheikh Abuu Swafiya, hayo uliyosema yananitosha. Jalsa ijayo Kitonga nakukaribisha, njoo na maswali yako yote, meza ya vitabu ipo na masheikh wetu watakaa nawe.

Abuu Swafiya

Nitakuja na Sheikh Abdulla Saleh wangu mkononi, dada. Tutajadiliana.